Maji Aliyoyakataa Bibi

Siku ninayoikumbuka kuliko sikukuu zote nilizovalishwa nguo mpya, mwanangu, ni ile Mjomba wangu, profesa wa maji na nishati, alipomtahini mama yake mzazi kwa vikombe vitatu.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua bado navaa sare ya skuli, na ndevu zangu unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya njia. Lakini wewe, mtoto wa jirani, uko darasa la tano, mimi kidato cha nne, na mzee mwengine aliye tayari kukaa nawe saa hizi humpati. Kaa kitako basi. Chai hakuna.

Mjomba Haji anafundisha chuoni na anakaa Kikwajuni. Kwa Bibi, hapa Kiponda ninapoishi mimi na Mama, alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala. Ndani ya mfuko wa kanzu, pale wenzake wanapoweka miswaki, yeye huweka kidude kama kalamu cha kupimia chumvi. Haoni maji asikichovye. Harusini keshapima sharubati. Matemwe alipima dafu alilokaribishwa na baba mkwe wake, na mzee yule hajalisahau mpaka leo. Akikuta feni inazunguka chumbani hamna mtu, huizima huku akisikitika, utadhani amekuta mtoto katupwa barabarani.

Mimi nilikuwa nikimvizia mlangoni. "Shikamoo, Mjomba. Machozi yangu hujayapima."

"Marahaba. Lia kwanza."

Lakini Ijumaa hiyo alipita bila ya mzaha. Bibi alikuwa ameacha kunywa maji. Kaskazi hiyo, joto la kuyeyusha halua, yeye anapiga funda moja la kumezea dawa, basi. Wiki ile ile alikuwa ameanguka ukumbini. Daktari akatwambia bila ya kuzunguka kwamba figo za mtu mzima hazistahimili kiu, na kama hatakunywa tutampoteza. Ya mfereji, Bibi akasema yananuka dawa. Ya chupa, akasema hayana kitu ndani yake.

"Nataka maji ya nyumba yangu," akasema. "Ya kisima."

Kisima kipo, katikati ya ua, ila kilikuwa kimefunikwa bati tangu mimi sijazaliwa, kwa sababu maji yake yaliingia chumvi. Na aliyeyatia chumvi, mwanangu, ni Mjomba mwenyewe. Alipoajiriwa, kijana na shahada yake mpya, alimnunulia baba yake pampu kubwa ya umeme ili mzee apumzike kuteka kwa ndoo. Pampu ikafyonza kutwa kucha. Kisiwa chetu hiki mvua ikizama ardhini, yale maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukiteka pole pole unapata matamu. Ukivuta kwa pupa, ya chini yanapanda. Basi yakapanda. Babu akafariki, na kisima kikafunikwa.

Ndipo vile vikombe vitatu. Kimoja cha mfereji, kimoja cha chupa, na kimoja cha kisima kitamu cha rafiki yake wa Mwanakwerekwe. Mjomba alitaka kujua ulimi wa mama yake unadai chumvi kiasi gani, ili ajue kisima akirejeshe hadi kiwango gani.

"Mama, onja, unambie yepi yanakaribia."

Bibi akamtazama. "Haji. Mimi nilokunyonyesha, leo unanipa mtihani?"

"Si mtihani, mama. Ni jaribio."

"Na nikianguka?"

"Atarudia mwakani," nikadakia. Kofi la Mama lilinifikia kabla sijafunga mdomo.

Bibi akaonja. "Haya ya mfereji. Haya ya dukani. Haya..." Akapiga funda la pili, akakiweka kikombe chini taratibu. "Haya ya kisima. Kisima cha watu wengine."

Mjomba akachovya kidude chake katika kikombe cha tatu, akasoma, akaitikia kwa kichwa kama fundi aliyepewa vipimo vya dirisha.

Pampu kubwa aliing'oa siku ile ile. Akaweka ndogo inayoendeshwa na jua, paneli akazificha juu ya nyumba, nyuma ya ukuta wa dari ili zisionekane njiani. Jua likitua pampu nayo inalala, kisima kinapumua. Kisha akayaelekeza mabomba ya paa yapitie pipa la changarawe na mchanga, mvua ya masika iingie kisimani badala ya kumwagika uchochoroni. Sisi huku tukimbembeleza Bibi kwa uji, madafu na vipande vya tikiti, mradi kitu cha majimaji kipite kooni. Alikuwa anakonda. Mjomba sasa anakuja kila siku, mitihani ya wanafunzi wake kwapani, anainama kisimani na kidude, anaondoka.

Masika yakanyesha, yakapusa, mawingu yakaondoka. Alasiri moja nikamsikia Mjomba uwani: "Allahu akbar! Matamu kuliko ya Mwanakwerekwe!"

Mama akaufukiza mtungi kwa ubani. Mjomba akapanda ngazi na bilauri kwa mikono miwili. Bibi akanywa kidogo, na sote tukamkodolea macho kooni.

"Matamu," akasema. Akairudisha bilauri.

"Basi kunywa, mama."

"Siyo yale."

Nilikuwa na mzaha wangu mdomoni. Nikaumeza.

"Mama, ni kisima kile kile. Nimepima."

"Umepima, mwanangu, sijakataa." Akageukia dirisha linalotazama ua. "Nilipoletwa nyumba hii bibi arusi, ilikuwa imejaa. Mama mkwe, mawifi, mashemeji. Baba yako hata kunitazama anaona haya mbele za watu. Basi kila alasiri atasema, nakwenda kuteka. Wenzake barazani wanamcheka. Mimi nimekaa hapa nachambua mchele, naye ananisemesha kutoka chini, ndoo inashuka, ndoo inapanda. Akiwasengenya dada zake mmoja mmoja! Mtungi ukijaa, mbavu zangu hazina hali. Hapo ndipo nakunywa. Ukaja weye na mashine yako. Mtungi ukawa unajaa kufumba na kufumbua, na baba yako hana tena sababu ya kushuka."

Mjomba akashuka ngazi. Nikamfuata, nikamkuta anatafuta kamba.

Mwanangu, profesa mzima! Ndoo ya kwanza ilipanda nusu, na nusu hiyo nyingi iliishia kwenye kanzu.

"Haji, wafanya nini huko?"

"Nateka, mama."

"Na mashine?"

"Nimeizima."

Mtu anayezungumza mpaka wanafunzi wanasinzia, amesimama na kamba mkononi, hana neno. Nikamnong'oneza: "Msengenye mtu, Mjomba."

"Kusengenya haramu."

"Usimtaje jina."

Akafikiri. Akainua uso. "Mama, kuna mwanafunzi wangu mmoja kachora bwawa, maji yanapanda mlima yenyewe."

Kisha kutoka juu: "Ukampa ngapi?"

"Sifuri."

"Masikini! Labda hakula. Mama yake nani?" Kichwa cha Bibi kikatokeza dirishani. "Na hao wakubwa zako?"

"Mmoja husinzia kikaoni, mama. Akizinduka anasema, nakubaliana."

Bibi akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na ndoo ikaendelea kushuka na kupanda, na Mjomba akaendelea kutafuta watu wasio na majina. Mtungi ulipojaa, Mama akampelekea bilauri. Akainywa yote.

"Yanakaribia," akasema.

Tokea hapo pampu ikawa ya kufulia, na maji ya kunywa Mjomba akayateka kwa mkono kila alasiri, mpaka viganja vikaota sugu. Bibi akarudi na nguvu za kunigombeza. Tulikaa naye masika mengine. Alipotutoka alikuwa kitandani mwake, na hakuwa na kiu.

Mjomba bado anakuja. Husimama pale kisimani na kuinua uso dirishani, halafu anakumbuka. Wakati huo mimi hufunga kamba za viatu, hata nikiwa nimevaa makubadhi yasiyo na kamba. Natamani alasiri moja tu ya zile, nisikie mtu akiuliza kutoka juu mama wa fulani nani.

Basi nasaha yangu ni hii, na safari hii sitanii. Mkubwa wako akikwambia anatamani kitu cha zamani, mkate, maji, chochote, usikimbilie dukani, wala usione akili zako zinatosha kukitengeneza. Kaa umuulize alikuwa akila na nani, nani alikuwa akimletea. Huyo mtu huenda humpati. Nenda wewe ukasimame mahali pake. Utasimama vibaya, utazungumza habari za mabwawa. Simama hivyo hivyo, maadamu dirishani bado kuna mtu.

Mungu akukuze, mwanangu, akupe afya na riziki ya halali, na siku utakayokuwa huwezi kushuka ngazi, akujaalie mtu wa kukusemesha kutoka chini. Amin. Sasa inuka uende kwenu; bibi yako wewe bado yupo, na yuko macho.