Mstari Mrefu wa Mama Brashi

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Brashi alikuwa amechora mabango ya vinyozi, maduka ya dawa, malori, na mgombea mmoja ambaye pua yake aliipunguza kwa huruma. Mwanzoni madereva walimcheka. Mwanamke na lori wapi na wapi? Siku hizi wanapanga foleni na kumwita fundi.

Sasa alikuwa amelala chali kwenye meza ya hospitali, na mtaalamu wa mionzi, dada mwembamba mwenye miwani, akimchora kifuani alama za kulenga mionzi kwa kalamu ya wino. Mama Brashi akainua kichwa, akakagua.

"Mwanangu, huu mstari umeuchora ukiwa juu ya baiskeli?"

"Tulia, mama. Ukijitingisha utapinda."

"Umepinda kabla sijajitingisha."

Uvimbe wa saratani ulishatolewa kwenye titi la kushoto. Ilibaki mionzi ya kumaliza masalia, na nyuma ya titi la kushoto, kama wanavyojua wote waliowahi kupenda vibaya, kuna moyo. Shangazi yake alipigwa mionzi zamani, wiki sita. Titi lilipona, lakini miaka ilipopita moyo ukaanza kusuasua, na madaktari wakasema mionzi ilichangia. Akawa anapumzika kila ngazi ya tatu. Mama Brashi je, ambaye riziki yake yote iko juu ya ngazi? Angebaki kuandika "Usikojoe Hapa" kwenye kuta fupi.

"Siku hizi kuna ujanja," mtaalamu alimweleza. "Ukivuta pumzi nyingi ukaibana, mapafu yanajaa, moyo unasogea mbali na titi. Sekunde ishirini zinatosha. Pumzi ikishuka, mashine inajizima. Na ni wiki tatu tu."

"Nikishindwa?"

"Leo ndiyo tunapima. Ukishindwa tutatafuta njia nyingine, ila moyo utakuwa karibu zaidi na mionzi."

Mara ya kwanza alicheka kwenye sekunde ya nane. Ya pili akakohoa kwenye ya kumi na moja. Ya tatu akamkumbuka shangazi, pumzi yote ikamtoka.

"Mbona unahema hivyo, mama? Hata kazini huwa hivi?"

"Kazini?" Mama Brashi alichukia. "Kazini mimi..."

Akakumbuka lori. Mstari mrefu wa ubavuni mwa lori, kutoka mlango wa dereva hadi taa za nyuma, hauvutwi huku mtu anapumua. Pumzi ikicheza, brashi inacheza. Alikuwa ameibana maelfu ya mara, na hakuna aliyemwambia kuwa ni matibabu.

"Anza tena. Na usiniongeleshe."

Akafumba macho. Lori jekundu, rangi ya njano. Akajaza kifua, akagusisha brashi pale mlangoni, akaanza kutembea.

Kwenye skrini pumzi yake ilikaa palepale, haitikisiki. Kumi. Kumi na tano. Ishirini.

"Safi! Pumua, mama."

Wapi!

"Mama, imetosha!" Ishirini na nane. "Mama! Pumua jamani!"

Pumzi ikatoka kwa kishindo. "Kelele za nini? Sijafika kwenye taa za nyuma."

Mtaalamu alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaangalia picha ya kifua.

"Moyo umesogea?"

"Umehama mtaa kabisa, mama." Akaandika kwenye faili: *Anaweza kubana pumzi.*

Mama Brashi alinyoosha shingo, akasoma.

"Ongeza 'sana'."

Akaongeza.