Atupele, Aliyetukataza Kusema Shida Zetu

Mpaka sasa hivi sijaamini, ndugu zangu. Jana tumemzika Dada Atupele kwao Ileje, na leo asubuhi nimempigia simu kumuuliza meeting ya Jumanne ni saa ngapi. Imeita mpaka ikakata.

Wengi humu mnanijua. Mimi ndiye mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda Tunduma, ndiye niliyembeba mchungaji wa kanisa na mbuzi watatu kwa pikipiki moja kutoka Mkwajuni, na mbuzi wa nne akatufuata nyuma kwa hiari yake. Silii mbele za watu. Jana nililia mpaka nikavaa helmeti makaburini.

Kwa msiomjua, Atupele alikuja na kashirika kadogo kwa ajili ya ile barabara yetu ya sokoni. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka yalipaki mlangoni kwa mama ntilie. Mama ntilie wakasogea barabarani. Sisi bodaboda tukapita njia ya watoto wa shule. Binti wa Mama Zawadi, mmoja wa hao mama ntilie, akagongwa, akavunjika mguu.

Wakubwa walikuwa wanakuja, wanafukuza kundi moja, wanaondoka. Wakifukuza mama ntilie, madereva wanaacha lori katikati ya njia waende kutafuta ugali. Wakifukuza malori, sisi hatuna abiria. Atupele akasema, "Hii kamba imejisokota, ukivuta upande wako peke yako unakaza."

Akatukalisha kwenye mabenchi, tunatazamana. Sheria ikawa moja: husemi shida yako. Unasema ya aliyekaa mbele yako, mpaka yeye mwenyewe akubali.

Mbele yangu alikaa Mama Zawadi. Nikasimama, "Mimi kama mwenyekiti..."

"Anko," Atupele akanikata, "leo wewe ni mama ntilie."

"Mpeni na kanga," Mama Zawadi akasema. Watu wakacheka hadi wa nje.

Nikasema moshi. Akasema, "Sivyo." Nikasema kukosa wateja. "Sivyo, baba." Nikamtazama vizuri. Nikasema, "Ukisikia honi unaacha sufuria, unamtafuta binti yako kwa macho."

Halafu akasema, "Hiyo ndiyo."

Ba Mwansa, dereva wa Zambia, alieleza shida za bodaboda kwa Kiswahili cha kuokoteza, vizuri kuliko mimi. Nilinuna, siwafichi.

Haikwisha siku moja. Tuligombana, tukasusa, Atupele akatufuata mmoja mmoja kwa miguu. Lakini leo malori yanaacha upenyo wa watoto, mama ntilie wanapika upande mmoja, na sisi tunawapelekea madereva chakula. Nani alikuwa wa kwanza kukata kona na sahani sita za wali maharage bila kumwaga punje? Mimi.

Jana msibani ukazuka mzozo wa nani abebe jeneza kupanda kilima cha makaburini. Madereva wakasema ni wao. Mimi nikasema bodaboda. Mama ntilie wakasema mwanamke mwenzao hawamwachii mtu. Sauti zikapanda. Nikaogopa kweli. Nikaona tunasambaratika kabla hajafika kaburini.

Mama Zawadi akasema, "Kaeni chini. Sheria mnaijua."

Tukakaa kwenye majani, tukitazamana. Ba Mwansa akawasemea bodaboda. Mama Zawadi akawasemea madereva. Mimi nikawasemea mama ntilie, kwamba siku Atupele alizoumwa presha, wao ndio waliompikia uji, na mikono iliyomlisha isiachwe nyuma. Nilipomaliza, wao ndio waliosema tubebe wote.

Tukapokezana mpaka juu. Kaka yake Atupele akaniuliza, "Anko, hawa ni ukoo gani?" Nikampisha chini ya jeneza, na yeye abebe.

Atu, pale kaburini nilijikuta nimesimama mbele yako, na sheria ni sheria. Kwa hiyo nikasema ya kwako, polepole, ndani ya helmeti. Nikasema umechoka kutufuata mmoja mmoja. Nikasema unaogopa kwamba Jumanne hatutakuja.

Nikasubiri useme, "Hiyo ndiyo, Anko."

Mabenchi nimeshayapanga mwenyewe. Mama Zawadi atakaa mbele ya Ba Mwansa, na mimi nitakaa mbele ya nafasi yako. Tutakuja wote.

Lala sasa, dada yangu. Usiku huu usimfuate mtu.