Sauti Juu ya Santuri

Hashim wa Kuze, Mombasa, hana maneno mengi, lakini akipandwa na hasira, kaa mbali naye. Wenzake anaokaa nao chumba kimoja mtaani Bani Malik wanalijua hilo vizuri. Ni fundi wa viyoyozi, mtu mzima mwenye mvi, na ameishi Jidda mpaka Kiswahili chake cha Mombasa kimeingiwa na yalla na halas za Waarabu bila mwenyewe kujua. Jumatano moja alikuwa mkahawani mtaa wa Sharafiya, chai ya maziwa mbele yake na sambusa mkononi, simu ikaingiza ujumbe. Sambusa ile hakuila.

Ujumbe ulitoka Riyadh, kwa Derrick, na ulitumwa kwenye kikundi cha simu cha wapenzi wa nyimbo za sinema za Kihindi za zamani. Humo mna Wahindi, Wapakistani na Waswahili wachache kama Hashim, watu wenye kazi zao na mabosi wao, ambao wakipata wimbo wa enzi za filamu zisizo na rangi wanasahau hata kula. Derrick alikuwa ameandika: "Wimbo uliopotea umepatikana. Hakuna hata mmoja wetu aliye na santuri yake. Kelele zote nimeziondoa." Chini yake wenzake walikuwa tayari wanamwagia sifa.

Hashim akabonyeza. Zikaja ngoma, likaja fidla, kisha yule mwimbaji wa Kihindi mwenye sauti nyembamba, safi kabisa, utadhani ameimba jana. Akasikiliza mpaka mwisho huku akingoja. Akarudia tangu mwanzo. Mamake hakuwemo.

Ati kelele. Mwanamke aliyeimba harusi za Mji wa Kale mpaka wenye harusi wakibadilisha tarehe ili wampate yeye, leo ni kelele. Hashim alihisi masikio yanawaka.

Nyimbo zile watu wa Mombasa hawakuzisikiliza tu. Siku ya wanawake kwenye sinema, kina mama walijaa na buibui zao, wakarudi na muziki wa Kihindi kichwani, kisha wakauvika maneno yao ya Kiswahili. Bi Mwanakombo, mamake Hashim, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikuwa akiweka santuri kwenye gramafoni, anaimba maneno yake juu ya yule Mhindi, anarekebisha hapa na pale mpaka yanakaa. Alasiri moja aliwasha na rekoda ili ajisikie mwenyewe. Santuri ilivunjika zamani, na Bi Mwanakombo alishazikwa. Kilichobaki ni ile kanda moja, nayo utepe wake uligandana kwa unyevu, ikawa haichezi tena. Hashim alihama nayo kila nyumba aliyohamia, hana pa kuisikiliza wala moyo wa kuitupa.

Ndipo alipotokea Derrick. Ni kijana wa Ngara, Nairobi, fundi wa sauti, aliyekuja Jidda kufunga spika za sherehe fulani, wakaonana kwa kuwa wote wamo kikundini. "Mzee Hashim, nipe hiyo kanda," alisema. "Huko Riyadh niko na mashine. Nitaitengeneza, wallahi."

Hashim akampa. Akamwambia, "Mna wimbo wa zamani humo. Itengeneze, uniletee." Basi. Hakusema sauti iliyo juu ni ya nani. Kwao mtu hamtaji mamake mbele ya mwanamume wa nje, sembuse kusema kwamba aliimba. Babake aliwalea hivyo: sauti ya mama yenu ni ya ndani ya nyumba. Sasa kijana wa watu angejuaje? Lakini hasira haikumpa Hashim nafasi ya kujiuliza hilo. Alitoka nje ya mkahawa, akasimama juani kati ya maduka ya simu, akampigia.

"Mzee, umeskia?" Derrick alikuwa anacheka kwa furaha. "Kulikuwa na mama fulani anaimba juu ya record yote. Ilinitesa, manze. Lakini nimemtoa, hata huwezi kujua alikuwepo."

"Huyo mama fulani," Hashim alisema, "ni mamangu."

Derrick akasema polepole, "Hukuniambia, mzee."

"Na wewe hukuuliza. Umepewa kanda ya watu, ukaamua mwenyewe nani mtu na nani uchafu. Iko wapi?"

"Ilikatika. Ilicheza mara moja tu, kisha utepe ukaanza kubanduka. Nilirekodi hiyo mara moja."

Hashim alikata simu kabla hajasema neno ambalo asingeweza kulirudisha. Alimwomba bosi ruhusa ya siku mbili aende Riyadh, na bosi alipotaka kuanza maswali aliuona uso wake, akamwacha aende. Kisha akampigia dadake Mombasa. Mwanahamisi ni mkubwa wake, na ndiye aliyemtunza mama yao mpaka mwisho.

"Rudi kazini, Hashimu," Mwanahamisi alimwambia. "Unasafiri nchi nzima kwa kanda? Mama mwenyewe aliziacha nyimbo zake. Hakukatazwa na mtu. Alichoka, akatubu, akaacha. Baba alitueleza mara ngapi?"

"Mimi sitaki nyimbo. Namtaka mama."

"Basi haya," alisema dada mtu, na sauti yake haikuwa na raha.

Basi liliingia Riyadh Ijumaa asubuhi. Njia nzima Hashim alikuwa akipanga maneno ya kumpasulia Derrick, na alikuwa nayo mengi, mengine ya Kiarabu. Lakini mlango ulipofunguliwa alimkuta kijana ameshatandika mkeka, ameweka chai ya tangawizi na mahamri ya kununua, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Shikamoo, mzee," alisema, na Mnairobi kuamkia hivyo ujue ameingiwa na hofu. Hashim aliitikia kwa sababu ya malezi tu.

"Sikiza," Derrick alisema akivuta kompyuta. "Nilipotenganisha, kompyuta ilinipa vitu viwili. Kimoja ni wimbo. Kingine ni kila kilichokuwa juu yake. Hicho cha pili nilikitupa, lakini jana nimekitafuta na nimekipata. Sijakigusa."

Alimvisha Hashim vipokea sauti masikioni, akabonyeza, akaenda kusimama dirishani.

Bi Mwanakombo akaanza. Hakuna ngoma, hakuna fidla, hakuna Mhindi. Mama peke yake, karibu hivi, na pumzi zake na bangili zake na kile kikohozi chake kidogo kabla ya ubeti.

*Nipisheni nitamke*
*yaliyomo mwangu ndani.*

Hashim alifunga macho. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mama alimaliza ubeti wa kwanza, akanyamaza pale ambapo ala zilikuwa zikicheza peke yazo. Kwa miaka yote aliyoisikiliza kanda ile nyumbani, pale palikuwa pa fidla tu. Sasa fidla halipo, na nyuma ya mama, kama mtu aliyesimama mlangoni, ikasikika sauti ya mwanamume.

"Mwanakombo. Zima."

Hashim alifumbua macho.

"Nimekwambia leo ndiyo mwisho. Zima hicho kitu."

"Ngoja nimalize," mama alisema. Hakugombana wala hakuomba. Akaingia ubeti wa pili, safari hii kwa sauti ya juu zaidi, na nyayo za mtu zikawa zinasogea. Katikati ya mstari wa tatu, katikati ya neno, tak. Kimya.

Mwisho ule Hashim aliujua. Kanda ilikuwa ikikatika hapo siku zote, na nyumbani kila mtu alijua sababu: betri ziliisha. Baba mwenyewe ndiye aliyesema. Hata watoto wa mtaani walijua kwamba wimbo wa Bi Mwanakombo ulikatizwa na betri.

Alivua vile vipokea sauti, akampigia dadake palepale.

"Ulikuwa unajua?"

Mwanahamisi hakuuliza anajua nini. "Nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa mtoto, Hashimu, nimeshika ufagio. Ungetaka nifanye nini?"

"Ungeniambia."

"Ili umchukie baba?"

"Miaka yote nimempenda kwa uongo," Hashim alisema. "Mimi nimesimama mbele ya jeneza lake, nikasema hajawahi kumkera mkewe. Na mama yuko pale ndani ya nyumba anasikia." Sauti yake ilipanda mpaka Derrick akageuka dirishani. "Ati aliacha mwenyewe. Ati alitubu. Mlimtia mdomoni maneno asiyoyasema, na maneno yake mwenyewe mkamnyima."

Dadake alikuwa analia. Hashim hakumbembeleza. Alisema wataongea, akakata.

Alikaa mkekani mpaka chai ikapoa. Hasira yake kwa Derrick alishaisahau. Alikuwa na hasira kwa babake, na nyingine kwake mwenyewe, kwa kuwa yeye pia alimpa mgeni kanda na akaona haya kusema huyu ni mama. Baba alibonyeza kitufe cha rekoda, na yeye mtoto akaufunga mdomo wake miaka yote hii kulinda kile kitufe.

"Utoe ule wimbo wako kikundini," alimwambia Derrick. "Urudishe kama ulivyotoka kwenye kanda, na mama juu yake. Kisha na huu wa pili, yeye peke yake, utie."

"Na sauti ya mzee mlangoni? Naweza kuitoa."

"Usimtoe mtu tena."

Derrick akakubali kwa kichwa. "Nimwandike nani?"

Hashim alivuta pumzi. Jina lile hajawahi kulitaja mbele ya mwanamume asiye ndugu. "Mwanakombo binti Shee," alisema. "Mwimbaji, Mombasa. Andika kwa herufi kubwa."

Wimbo ulipoingia kikundini, sifa zilipungua. Wapo waliosema wa juzi ulikuwa mzuri zaidi. Wapo walioomba warudishiwe ule safi. Mzee mmoja wa Jidda, mtu mpole, aliandika: "Mama anaimba vizuri, mashallah. Bahati mbaya unakatika kabla ya kwisha. Betri?"

Derrick alimtazama Hashim. Hashim alishika simu yake, akavaa miwani, akaandika mwenyewe, polepole, kwa kidole kimoja.

"Betri zilikuwa nzima. Mamangu alizimwa na babangu."

Akatuma, akamega hamri, akaomba chai nyingine ya moto.