Shikamoo ya Kifaransa kwenye matuta ya Mgeta

Ukungu bado umeilalia milima ya Mgeta kama blanketi ambalo hakuna aliyeamka kulikunja. Paskalia Gervas anasimama kwenye kona ya njia, buti za mvua miguuni, kanga kiunoni, anawageukia wageni wake saba kutoka Ufaransa wanaopanda huku wanahema.

Njia imelowa, inateleza kama sabuni. Wa mwisho kati ya wageni ni Mzee Bernard, miaka sabini na tisa, na fimbo zake mbili za kutembelea. Paskalia anamngoja mpaka afike, anainamisha kichwa kidogo, halafu anamwambia kwa sauti ya kanisani:

"Je voulais que vous marchassiez doucement, grand-père."

Yaani: nilitaka utembee polepole, babu.

Wageni wanatazamana. Mmoja anaziba mdomo kwa kiganja. Halafu kicheko kinaripuka, mpaka mbuzi waliofungwa bondeni wanainua vichwa.

Nyuma yao yuko Luqmani, kijana wa ofisi moja ya utalii iliyopo Mwembesongo, Morogoro mjini. Yeye hacheki, maana Kifaransa hakijui hata cha kuombea maji. Anasogea mbele, simu mkononi.

"Mama Janeth, umewaambia nini?"

"Nimemwambia mzee aende polepole."

"Polepole ndiyo inawachekesha hivyo?"

Paskalia anageuka, anaendelea kupanda. Kwao mtu akicheka ukimpa heshima, maana yake umemkosea.

Na leo siyo siku ya kukosea. Luqmani hajaja kutembea. Ametumwa na bosi wake, Mwanaheri, aje ampime huyu mama. Akifaa, atawaongoza Wafaransa wote wa ofisi hiyo msimu mzima. Asipofaa, kazi anapewa Luqmani mwenyewe na simu yake inayotafsiri.

Kwa Paskalia hilo siyo jambo dogo. Ana miaka arobaini na moja, na tangu msichana amekuwa akibeba kabichi kichwani kutoka shambani hadi barabarani, kwenye magari ya mjini. Sasa goti la kulia limeanza kugoma. "Likiamka vibaya, hata sokoni siendi," anasema. "Kuongoza wageni nako ni kupanda mlima, lakini kichwa kinakuwa kitupu. Kichwa kikiwa kitupu, goti linanyamaza."

Kwa siku moja ya kuongoza, anaeleza, anapata kama anachopata kwa matenga matatu ya kabichi, tena bila kulaliwa na dalali.

Lakini mkulima wa Mgeta amekitoa wapi Kifaransa?

Amekitoa kwenye palizi. Alipomaliza darasa la saba alipata kibarua kwenye bustani ya masista. Msimamizi alikuwa Sista Honorata, Mluguru wa Matombo, aliyesomea Ufaransa enzi za ujana wake. Sista alikuwa hapendi kupalilia kimya kimya. Akishika jembe, anataka na mdomo ufanye kazi.

"Akaniambia, wewe Paskalia, mlima unaanza na upande wenye mwinuko mkali, ukishuka unateleza tu," anakumbuka. "Basi akaanza na kile kigumu, ambacho hata Wafaransa wenyewe wanakikimbia. Mimi nitajuaje? Nikajua ndiyo Kifaransa chenyewe."

Kigumu hicho ni namna moja ya zamani ya kunyambua vitenzi. Sisi tukisema "nataka aseme" na "nilitaka aseme", hiyo "aseme" haibadiliki. Kwa Wafaransa wa zamani ilibadilika. Kama kutaka, kuogopa au kusubiri kwenyewe kulikuwa jana, basi na kitenzi kinachofuata kinavaa nguo za jana. "Je veux qu'il parle" ni nataka aseme. "Je voulais qu'il parlât" ni nilitaka aseme.

Sista hakuwa na ubao. Alitumia matuta. Bustani ilikuwa na matuta sita yanayopanda kama ngazi, akayagawa: mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Kila tuta likapewa mkia wake. Ukipalilia tuta la kwanza unaimba -sse, la pili -sses, ukiruka la tatu unaimba -ssions, -ssiez, -ssent mpaka juu.

Na shina je? Akisimulia hilo siku nyingine, Paskalia anacheka, anachuma jani la kabichi. "Hili hapa ni parler, kusema. Kwenye hadithi wanasema il parla, alisema. Unaichukua hiyo parla, unaipachika mkia: que je parlasse, que nous parlassions. Kabichi zote za -er zinataka a." Halafu anang'oa karoti. "Hizi ni za -ir na -re, zenyewe zinataka i. Finir inakuwa finisse. Vendre, kuuza, inakuwa vendisse. Ukiweka a kwenye karoti, Sista anakurudisha bondeni uanze upya."

Tuta la tatu, la yeye, lilikuwa fupi kuliko yote. Hapo Sista alivua kofia yake ya ukindu akaitundika kwenye mti wa kutishia ndege. Yeye hana mkia mrefu, ana t tu, lakini ndiye pekee anayevaa kofia, ile alama juu ya irabu: parlât, finît, vendît.

Hivyo ndivyo Paskalia alivyojifunza, jembe moja, mkia mmoja. Miaka mingi baadaye, sokoni Morogoro, aliwasaidia Wafaransa wawili waliopotea. Mwanaheri alikuwa pembeni ananunua njegere, akasikia. Ndiyo mwanzo wa siku ya leo.

Tangu kicheko kile pale kwenye kona, Paskalia amekuwa bubu. Anaonyesha kwa kidole. Hili bonde. Ule mgomba. Luqmani naye amefurahi kidogo, anaiinua simu mdomoni kama mtangazaji wa mpira: "Waambie, hapa wanalima karoti."

Simu inazunguka, inazunguka, inanyamaza. Mlima hauna mtandao.

"Mwanangu," Paskalia anamwambia, "huyo mwenzako naye amechoka kupanda?"

Wanafika kwake. Mezani kuna viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa ya mbuzi. Paskalia anaweka vikombe kimya. Mjukuu wa Mzee Bernard, Camille, mtoto wa miaka tisa, anakimbilia mbuzi. Paskalia anasahau ububu wake, anampigia kelele: "Attends! Marche doucement!"

Subiri. Tembea polepole. Kifaransa cha kawaida kabisa, cha nyumbani.

Mzee Bernard anaweka kikombe chini. Anamuuliza, neno moja moja ili aelewe: mbona mtoto unamwambia hivi, na mimi unaniambia vile?

Paskalia anamshangaa. Anamjibu kwa Kifaransa chake, kisha anamgeukia Luqmani amtafsirie na yeye: "Ananiuliza kwa nini simsemeshi kama mtoto. Sasa Luqmani, wewe babu yako utamwambia 'mambo vipi'? Huyu ni mzee. Hiyo ndiyo shikamoo yao."

Maana hivyo ndivyo alivyoelewa siku zote. Sista akiongea na masista wazee wa Kifaransa, au akimsimulia Padri mkubwa, alikuwa anatumia ile mikia mirefu. Akiwaita watoto na mbuzi, mikia haipo. Binti wa Kiluguru aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba angeelewa nini kingine?

Mama yake Camille anashika kifua. Mzee Bernard anaanza kucheka taratibu, anatoa leso, anajifuta macho, anacheka tena.

Anamweleza kwamba siyo shikamoo. Ni wakati uliopita tu, watu wameuacha kwa sababu ni mzito mdomoni, umebaki vitabuni. Walicheka kwa sababu ilikuwa kama wameamkiwa na malkia wa zamani katikati ya matope.

"Kwa hiyo nimekosea," Paskalia anasema.

"Hapana," mzee anasema. "Wajukuu zangu wananiambia salut, papi, yaani mambo, babu. Wewe ni wa kwanza kunivulia kofia." Halafu anauliza salamu yenyewe ya wazee, ya kwao Paskalia, inasemwaje. Anamwita Camille kutoka kwa mbuzi.

Mtoto anafundishwa mara mbili. Ya tatu anaipata, "Shikamoo, papi," na Luqmani ndiye anayemnong'oneza mzee jibu.

"Marahaba," anasema Mzee Bernard, kifua mbele, kama mwenyekiti wa kijiji.

Wakati wa kuteremka, Paskalia hauzuii tena ulimi. Anawaelezea plamu, mbuzi, makaburi ya ukoo wa mama yake, na kila akimgeukia mzee anaweka mikia yote, na wageni wanaidaka na kuirudia kwa pamoja kama kiitikio.

Mjini Mwanaheri alimuuliza Luqmani amempimaje. "Bosi," Luqmani alijibu, "mimi nitafute kazi ya kubeba maji yao. Yule mama muachie."

Jumapili iliyofuata Paskalia alikwenda kumsalimia Sista Honorata, ambaye sasa ana miaka themanini na nane na anaishi na masista wazee mjini. Alipomsimulia, Sista alicheka mpaka akashikiliwa.

"Mimi nilikuambia lini kwamba ni shikamoo, mtoto wewe?"

"Hukuniambia. Nilikuona."

Sista aliinua kidole. "Basi uliona vizuri. Usiache."

Sasa Paskalia anajifunza Kifaransa cha siku hizi, kile chepesi, kutoka kwa wageni wenyewe. Ana mpango wa kuwafundisha binti yake Janeth na wasichana wawili wa jirani, safari hii kuanzia upande wenye mteremko. Ila mzee akija, anasema, mikia itabaki.

Na mzee anakuja. Bernard ameandikia ofisi kwamba Julai anarudi na dada yake wa miaka themanini na nne, ambaye naye anataka kuamkiwa hivyo hivyo.

Ndiyo maana asubuhi nyingine Paskalia yuko kwenye ile kona yenye utelezi, jembe mkononi, anapanga mawe ya ngazi. Luqmani amekuja kumsaidia, anachomeka nguzo za kushikilia.

"Mdomo peke yake haumzuii mzee kuanguka," Paskalia anasema. "Nilimwambia nilitaka atembee polepole, na njia yenyewe inateleza. Heshima gani hiyo?"

Ngazi zitakuwa sita. Tatu zimekamilika. Kwenye nguzo ya ile ya tatu ametundika kofia ya ukindu, kama ile ya Sista.