Sahani ya Kinachorudi

Walisema nisingemaliza hata msimu mmoja wa mvua. Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu walisema mbele yangu, katika uwanja wa shangazi yangu Eliza kule mtaani Ngezi, huku wakinywa chai niliyoinunua mimi. "Huyu amesoma karatasi, hajasoma barabara," alisema jirani mmoja. Shangazi mwenyewe akatikisa kichwa: "Gari inakula kuliko ng'ombe." Na Bosco, rafiki yangu wa utotoni, dereva tangu ndevu zake za kwanza, akamalizia: "Diploma, weye utarudi Kampala na miguu."

Diploma lilikuwa jina langu jipya. Nilirudi Bunia kutoka Kampala na diploma ya uhasibu, niliyoipata kwa kubeba magunia mchana na kusoma jioni, na sikuificha. Niliitundika mbele ya mlango ili mgeni aione kabla hajaketi. Wengine waliita hayo majivuno. Mimi nauliza: aliyelima shamba kwa mgongo wake, avune kwa kunyatia kama mwizi?

Jana umeniambia unataka kukodi gari ya kubeba abiria, na kwamba mwenyewe amekuambia uje tu na kitu cha kuanzia, mengine mtaongea. Basi keti kwanza. Hayo mengine ndiyo yanayoua.

Mimi sikuwa na gari, wala baba mwenye gari. Nilikopa. Shangazi Eliza alitoa feza za samaki wake wakavu, ingawa alikuwa amenicheka. Saidi, mchimba dhahabu niliyepanga naye nyumba moja, alitoa kidogo alichorudi nacho kutoka machimboni. Na likelemba ya wapangaji wenzetu, ule mchango wa kupokezana kila mwezi, ikanipa zamu ambayo haikuwa yangu. Kama ningeanguka, ningeanguka juu ya hao wote, na jina langu lingebaki chini kabisa.

Mwenye gari alikuwa Madame Kavira, mfanyabiashara aliyehamia kwetu kutoka Butembo, mama mwenye sauti ya upole na macho kama mizani. Alikuwa na gari mbili zilizofanana kama mapacha. Moja Bosco alikuwa ameichukua juma lililotangulia. Ya pili ilikuwa inaningoja mimi.

Sasa, mwanangu, desturi ya kwetu unaijua. Gari haipokelewi kimya kimya. Mwenyewe anaita mashahidi wake uwanjani kwake, mpokeaji anakuja na wake, kuku wanachinjwa, chupa zinafunguliwa, ufunguo unawekwa katikati ya meza, na feza zinatajwa watu wakishashiba. Wazee walisema mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Ukishakula mbele ya macho ya watu wote, unaona haya kukataa. Wengi wamelipa wasichokuwa nacho kwa sababu ya paja moja la kuku.

Tulipomaliza kula pale uwanjani kwake, Madame Kavira akafuta vidole akaanza kutaja. Kulikuwa na garanti, ile amana ya gari. Kulikuwa na mwezi wa kwanza. Kulikuwa na asiransi, yaani bima, na vinyeti ya mwaka, ile kodi ya barabara, na haki ya kuingia parkingi, na kitu cha komisyoneri aliyetukutanisha, ambaye alikuwa bado anatafuna. Kisha, kwa upole wake, akasema:

"Na kama unatoa nusu ya malipo ya miezi sita leo leo, malipo ya kila juma nitayakata nusu. Bosco alitoa. Ule njo mwanaume."

Bosco, aliyekuja kama shahidi wangu, akanyoosha kola ya shati.

Feza za watu zilikuwa mfukoni mwangu, na zilitosha kwa taabu. Wote wakanitazama. Mimi nikachukua sahani mbili, nikamwaga mifupa, nikaokota vizibo vya chupa.

"Madame," nikasema, "tutaje tena, pole pole. Kila kitu kizibo kimoja. Hii sahani ni ya kinachorudi kwangu siku nitakurudishia gari yako. Hii ingine ni ya kinachomezwa."

"Weye iko na mambo."

"Niko na diploma, Madame. Garanti inarudi?"

"Inarudi, kama haukuharibu gari."

"Na kama mutu mwengine njo ameiharibu, mimi nimesimama tu?"

Akafuta tena vidole. "Kama si kosa yako, inarudi."

"Wazee, mumesikia?"

"Tumesikia," wakajibu mashahidi, hata wale wa kwake.

Nikaweka kizibo kimoja kwenye sahani ya kwanza. Mwezi wa kwanza, kizibo kwenye ya pili. Asiransi, ya pili. Vinyeti, ya pili. Parkingi, ya pili. Komisyoneri, ya pili, na hapo akaacha kutafuna.

"Na ile ya miezi sita? Gari ikikufa mwezi wa pili?"

Madame aliitazama sahani ya pili. "Ile ni bei," akasema. "Haiko akiba."

Nikakitupa kizibo cha mwisho juu ya wenzake, kikalia. Nikamwambia kwamba ya miezi sita sitoi. Nitalipa kila juma, bei nzima. Asiransi, vinyeti na parkingi vitabaki na gari yake hata mimi nikihama mji, kwa hiyo tugawane. Komisyoneri aliitwa na yeye, amlipe yeye. Kisha nikausukuma ufunguo ukarudi mbele yake.

"Diploma amekwama na gari haijawaka!" akasema Bosco, na uwanja mzima ukacheka. Mimi nikasimama, nikaaga wakubwa, nikaenda. Nilikuwa nimefika kwenye lango aliponiita.

"Rudi, mutoto wa watu. Kaa chini. Unaniachia kuku bure?"

Hakukubali yote. Parkingi nililipa peke yangu. Lakini ya miezi sita ilibaki mfukoni, na siku hiyo hiyo nikaifungia katika sanduku la shangazi.

Miezi miwili walinicheka. Bosco alilipa nusu kila juma, nami nzima. Yeye akavaa viatu vipya, mimi vya Kampala. Hata shangazi aliniuliza kama kule Kampala walinifundisha kuhesabu au kuhesabiwa. Nikaenda kuwasha gari.

Kisha ikaja siku ya barabara ya Ariwara. Tulikuwa tumeegesha gari zetu mbili chini ya mteremko, tunakunywa chai na abiria wetu, wakati lori la mbao lilipokatika freni, zile breki, juu kule, likazishukia. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Lakini wale mapacha wa Madame Kavira walibanwa pamoja hata usingejua milango ni ya nani.

Bosco alishika kichwa. "Siye wote tumekufa."

"Hapana, ndugu yangu," nikamwambia. "Mimi nimejikwaa."

Nilikwenda kwa Madame na mashahidi walewale. Hakubishana. "Ule kizibo kimoja nakikumbuka," akasema, akanirudishia garanti yangu. Bosco naye akaomba miezi yake minne iliyobaki. Akajibiwa kwa upole uleule kwamba ile ilikuwa bei. Hakuibiwa, mwanangu. Hakuuliza tu, na mwenye mali hana wajibu wa kuuliza kwa niaba yako.

Kwa garanti ile na feza za sanduku, juma halikuisha nikawa barabarani na gari nyingine. Leo ninazo zangu tatu, na moja inaendeshwa na Bosco. Kwangu alilipa garanti, basi.

Kwa hiyo nenda, kodi hiyo gari. Wakikucheka, waache wacheke. Lakini usile kuku wa mtu kabla hajataja kila kitu, na akitaja, muulize kila kimoja kinakaa sahani gani. Malipo ya juma yakiwa madogo sana, jua kuna mahali umeshayalipa. Na feza ulizokopa usizitoe zote mbele ili uonekane mwanaume. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuona haya mbele ya mifupa.

Siku nilipowalipa wote, niliwaita katika uwanja uleule wa Ngezi: Saidi, wenzetu wa likelemba, na shangazi Eliza wa mwisho. Nilichinja kuku, lakini nililipa kabla hawajala. Kila mmoja nilimwekea zake juu ya sahani. Shangazi aliitazama yake, akaniuliza, "Hii njo ile ya kinachorudi?" Nikasema ndiyo. Akanishika kichwa kwa mikono inayonuka samaki, akaniambia maneno ninayokuachia wewe sasa: utoke na jina lako, urudi na jina lako, na barabara isimeze kitu ambacho hukukubali mwenyewe kukipoteza.