Mkono Uliozidi Utepe

Mashavu ya binti yangu ndiyo yaliyonipa cheo. Sikusoma zaidi ya shule ya msingi, sikuwa na mjomba ofisini, na mume wangu alikuwa akibeba ndizi kwa baiskeli kutoka Makebuko hadi soko la Gitega. Lakini watu wa mradi wa lishe walipopita mtaani kwetu wakitafuta mwanamke maskini mwenye mtoto aliyeshiba, hawakupata tabu. Binti yangu, akiwa na miaka mitatu, alikuwa ameketi mlangoni anakula ndazi, mikono yake ina mikunjo kama unga uliokandwa vizuri. Wakanipa jina la maman lumière, yaani mama wa mwanga, ambaye akina mama wengine watajifunza kwake. Nilitembea wiki nzima nimeinua kidevu.

Kazi yenyewe ilifanyika uani kwangu. Akina mama wenye watoto waliodhoofika walikuja asubuhi, huyu na maharage, yule na mchicha wa lengalenga, mwingine na visamaki vya ndagala kidogo au mafuta ya mawese, tukapika chungu kimoja, watoto wakala mbele yetu. Nilipewa pia utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Ukigota kwenye nyekundu, mtoto yuko hatarini. Kwenye njano, aangaliwe. Kwenye kijani, mshukuru Mungu. Baada ya kijani hakuna rangi nyingine, na mimi kwa akili zangu nikaelewa kwamba huko mbele hakuna ubaya wowote, kuna kusonga tu.

Mara moja walinipakia kwenye gari na binti yangu hadi Buraza, nikawe mfano kwa akina mama wa huko. Nilivaa kitenge changu cha Idi. Mtoto nilimpaka mafuta mpaka akang'aa. Mwanamke mmoja mwembamba, mtoto mgongoni, akaniuliza bila maringo, "Mama, huyu wako anakula nini?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa: maharage, lengalenga, ndagala, uji wa soya. Hayo yote alikula kweli. Ila nilimtajia sehemu ndogo tu ya safari ya chakula chake.

Mtaa wetu ni wa Waislamu wafanyabiashara na mafundi, pamoja na Wakongo waliotoka Kivu ya Kusini, na sisi sote tuna desturi moja: ukipika kitu kizuri, jirani apate sahani. Sahani hairudi tupu. Na anayebeba sahani ni mtoto. Basi mtoto akitoka kwangu na sambusa, jirani wa kwanza anamkalisha, "Onja kwanza." Anarudishwa na wali, naye akifika nyumbani namwambia aonje kama chumvi imekolea. Jirani yangu Mkongo, mkristo, mfanyabiashara wa samaki wakavu, alikuwa na mkono wazi kuliko sisi sote. Kwake hakuna mtoto aliyepita bila kumaliza bonge la bugali na sombe ya majani ya muhogo. Ijumaa, harusi, matanga, maulidi, Krismasi, binti yangu alikuwa kazini. Kwenye sahani za mtaa ule nusu ya chakula haikuwahi kufika kilikotumwa, na sote tulijua kiko wapi.

Sikuona kosa. Mimi nimezaliwa Muyinga, mtoto wa muuza ndazi, na mama yangu alikuwa amezika mtoto kabla yangu, mtoto aliyekonda mpaka akaacha kulia. Mimi nilipokuja alinilisha kwa hasira. Kliniki ya Muyinga walikuwa wakituning'iniza kwenye mizani kwa suruali ya kitambaa, na siku moja suruali ile ilichanika nikiwa ndani, nikaanguka kwa makalio. Mama aliisimulia habari hiyo hadi uzee wake kama watu wengine wanavyosimulia mtoto aliyeshinda mtihani. Kwetu, mtoto mnene ni mtoto ambaye kifo kimepita mlangoni kwake kikaona hapa hapafai. Hofu hiyo nilihama nayo kuja kuolewa Gitega, pamoja na masufuria.

Miaka ikapita, nami bado mama wa mwanga. Binti akaanza shule huko Mushasha. Baba yake alimpakia kwenye baiskeli kila asubuhi akiwa njiani kwenda Makebuko. Kwenye mlima alishuka akasukuma, malkia amekaa juu anatafuna. Jioni aliniambia, "Mama watoto, leo nimesukuma mutoto, kisha nikasukuma ndizi. Vraiment, ndizi iko nyepesi." Nilimwambia aache wivu.

Baada ya shule mtoto hakuwa na pa kukimbilia. Palikuwa na uwanja nyuma ya nyumba zetu, watoto wakicheza mpira wa matambara, lakini Gitega ilipofanywa mji mkuu kila mwenye kipande cha ardhi alikumbuka kukijenga. Uwanja ukawa matofali, kisha maduka, na barabara yetu ikajaa magari. Nikamfungia uani na karai langu la mandazi ya kuuza. Yaliyovunjika yalikuwa yake. Nakiri mengine yalivunjika kwa kusaidiwa.

Basi siku moja, akiwa na miaka minane, muganga wa kituo cha afya, mwanamke mpole wa rika langu, alikuja kuangalia mapishi yetu. Watoto wembamba walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Mimi nikamwita binti yangu aje kuonyeshwa, kama kawaida yangu. Utepe ule ni wa watoto wadogo, nilijua, lakini mazoea. Nikauzungusha mkononi mwake. Haukufika. Nikavuta. Ncha mbili zikabaki zinatazamana kwa mbali, katikati nyama.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikauinua ule mkono juu. "Munaona? Utepe umeisha, mutoto amebaki!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Muganga hakupiga. Alimvuta binti yangu taratibu, akamfunua ukosi wa gauni, akatazama shingo.

Shingo hiyo tulikuwa na vita nayo. Ilikuwa na weusi nyuma, ngozi nzito, na mimi kila Alhamisi jioni niliisugua kwa dodoki na sabuni mpaka mtoto analia, asije akaonekana mchafu madrasa. Nikaona aibu. Nikasema haraka, "Nilimuogesha, muganga, mais hii uchafu inakataa kutoka."

"Hii si uchafu, mama," akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Hii iko alama. Mwili inaanza kushindwa na sukari. Kwenu iko mutu mwenye diabète?"

Nilikuwa na mama yangu. Ugonjwa wa sukari ulimpata akiwa Muyinga, ukamla kidole cha mguu, ukala mguu, ukamaliza na yeye mwenyewe kabla binti yangu hajazaliwa. Mimi ndiye niliyemwosha. Na pale uani, mwiko mkononi, nikakumbuka shingo yake ilikuwa nyeusi vilevile, nami nilidhani ni jua la sokoni.

Walimchoma kidole mtoto kituoni. Muganga akasema sukari bado haijamshika, lakini akiendelea hivi itamshika angali msichana. Nililia njia nzima. Nilikuwa nimemkimbiza mtoto kutoka kwenye kifo kile cha kwanza, cha kukonda, kwa nguvu zote, kumbe nampeleka kwenye cha pili, na watu wa Buraza walijifunza mwendo kwangu.

Tukaanza upya, kwa fujo. Chai bila sukari mtoto alipokea kwa machozi, mume wangu kwa malalamiko zaidi ya mtoto. Baiskeli ikaachwa kwa ndizi, mimi na binti tukaenda shule kwa miguu. Muganga, naye Mungu ambariki, alikubali tufundishe uani kwangu kwamba kuna kukonda na kuna kuzidi, nami nikasimama mbele ya akina mama walewale nikiwaambia kijani kina mwisho. Mmoja akaniuliza kama ule mwanga umezimika. Walicheka sana. Nilicheka nao kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia.

Sahani ndiyo ilikuwa vita kubwa. Mtu anakuletea chakula kwa mapenzi, utamwambiaje hapana? Jirani Mkongo alinijia amefunga kitenge kifuani. "Jirani, mutoto hapiti tena kwangu. Sombe yangu imekufanya nini? Ama juu mi niko mukristo?"

"Oya, jirani, haiko vile. Iko sukari. Ile iliua mama yangu."

Akaketi kizingitini. "Bon. Akuje, nitamupa maji na kipande ya samaki. Mais sahani nani atabeba?"

Hapo ndipo nilipotoa suluhisho langu, na nilijisifu kwalo: nitabeba mimi. Ijumaa, harusi, matanga, maulidi, Krismasi, nikawa kazini. Huku "Onja kwanza, mama," kule "Kaa kidogo, usikatae." Nani atamkatalia mtu mzima? Binti yangu alirefuka, mashavu yakajiondokea, shingo ikaanza kupauka. Mimi nilibadilisha blauzi. Fundi cherehani aliniuliza kama nina mimba, nikamwambia ndiyo, ili tu aninyamazie.

Kwenye mlima wa kwenda Mushasha mambo yakageuka pia. Mwanzoni nilikuwa nikimngoja yeye. Baadaye alikuwa akinitangulia, anakimbia na wenzake, anageuka kuniangalia. Asubuhi moja nilisimama katikati ya mpando, nimeshika kiuno, nikijifanya natazama mahindi ya watu. Akawaacha wenzake, akateremka mpaka nilipo.

"Mama, jana muganga alikuja kule kwa masomo kutupima. Amesema mi niko bien."

Nikasema alhamdulillahi, kwa pumzi niliyokuwa nayo.

"Nikamuuliza, na mama? Akasema anakungoja."

"Mi siko mugonjwa."

"Bibi naye alisema vile?"

Alisema vile. Alisema vile mpaka kidole kikaoza. Nilitaka kumgombeza, mtoto hazungumzi na mama yake hivyo, lakini aliniwahi.

"Bibi mi sikumuona," akasema. "Mi nataka watoto yangu wakuone."

Alinishika mkono, akanigeuza, tukashuka mlima. Wenzake walimwita, hakuitika. Kituoni yeye ndiye aliyeniambia niketi, yeye ndiye aliyemwita muganga, na nilipokunja ngumi kwa kuogopa sindano, yeye ndiye aliyenifungua vidole kimoja kimoja huku akiniambia haiumi. Damu ikapakwa kwenye kile kimashine kidogo. Aliisoma namba kabla yangu, akamtazama muganga, kisha akakaa karibu yangu zaidi.

Sukari tuliyoitafuta kwake ilikuwa kwangu.

Siku hiyo alichelewa shule. Mwalimu alipomuuliza alikuwa wapi, alijibu kwamba alikuwa amempeleka mama yake kwa muganga.