Kitabu Hakikopwi

Siku yangu ya kwanza kazini, maktaba ya Changamwe, Mkutubi Mkuu alinipa kitambaa cha kufutia vumbi. "Binti wa Bofu, vijue vitabu kwanza kwa migongo," aliniambia. Mgongoni mwa kila kitabu pana namba, nayo ndiyo anwani yake rafuni. Kitabu kikiwekwa pasipo pake kimepotea, hata kama kimo chumbani humo humo. Mama yule alikuwa mkali kama pilipili, nami nilimpenda.

Kutoka hapo nilizungushwa nchi nzima. Garissa nilitembeza vitabu kwa gari, Kakamega nikapanga kadi za katalogi, zile zinazomwonyesha msomaji kitabu kiko wapi, na Nyeri baridi ikanitoa machozi. Niliporudishwa nyumbani Likoni kusimamia tawi letu dogo, nilikuta vitabu vingi havijulikani viliko, na Msimamizi wa Pwani, bwana wa kutoka bara, amechoka.

"Hawa watu wako wanatuchezea," alisema. "Vitabu visiporudi mwezi huu, nafunga tawi."

Niliumia sana. Watoto wetu wangesomea wapi, hadi wavuke kwa feri kwenda mjini?

La ajabu, rafu hazikuwa tupu. Zilijaa vitabu vigeni, visivyo na namba. Nikaenda kwa Mzee Shee, mpakiaji mstaafu wa bandarini Kipevu, aliyechukua kitabu cha ufugaji wa kuku.

"Shikamoo, mzee. Kitabu chetu ki wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mbona nishalipa? Niliwaletea cha ushonaji, kizuri kushinda chenu."

"Kwa nini usilete kile kile?"

"Wenyewe mwaandika mlangoni, kopa! Unga wa kukopa warudi ule ule? Walipwa mwingine. Mngesema azima, wallahi ningewarudishia chenyewe."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Bango la Msimamizi lilisema KOPA KITABU HAPA, nami mzaliwa wa Bofu, papo hapo Likoni, nilipita chini yake kila asubuhi bila kushtuka. Bara ilikuwa imenila masikio. Tukalibandua, tukaandika AZIMA, habari ikaenea mitaani. Vitabu vikaanza kurudi, kile cha kuku kikiwa na unyoya katikati.

Mwezi ulipokwisha, Msimamizi alikuja na kufuli mkononi, akakuta foleni ya watu wanaorudisha.

"Basi wachukue na vyao," alisema, akionyesha vile visivyo na namba.

"La, bwana," alimjibu Mzee Shee kutoka kwenye foleni. "Vile tushavitoa. Vitieni namba."

Msimamizi akatia kufuli mfukoni, akaniomba kalamu.

Sasa nimestaafu. Siku ya kukabidhi funguo za tawi nililia mbele za watu, wala sikuona haya. Nyinyi vijana mnaoanza, mniwie radhi: kazi nayo huazimwa tu. Niliipenda kama yangu, na ilinibidi niirudishe yenyewe.